Ushauri wa haraka: tangi la guta linavuja, fundi anataka kulichomelea

Zabibu Kavu: Wakuu, habari za majukumu. Guta langu linavuja mafuta kwenye mshono wa chini wa tangi. Nabeba zabibu kutoka Hombolo kwenda soko la Majengo, likilala nyumbani na sisi tunalala njaa. Fundi wa mtaani anakuja kesho asubuhi kulichomelea. Kuna tahadhari yoyote?

Mama Alizeti: Sindilia sabuni ya kipande kwenye ufa. Mume wangu alitoka Singida mpaka Dodoma hivyohivyo, halikudondosha hata tone.

Gereji Kizota: Sabuni ni ya kukufikisha nyumbani tu. Mkuu, tangi lilikuwa na nini, na limemwagwa lini?

Zabibu Kavu: Ni tupu kabisa.

Mnyalu: Watanzania hatujifunzi. Msamvu pale Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, petroli iliua watu zaidi ya 100. Leo mtu anauliza kama kuna tahadhari!

Gereji Kizota: Limemwagwa lini?

Zabibu Kavu: Jana jioni, petroli. Lakini limeshinda juani kifuniko wazi, harufu imepungua. Halafu fundi nimeshamlipa nusu. Mageti ya mtaa mzima kachoma yeye.

Gereji Kizota: Geti halina mvuke, mkuu. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, maana kinacholipuka ni mvuke uliochanganyika na hewa. Kwa petroli, mvuke wa asilimia 1.4 hadi 7.6 hivi unatosha. Ni mzito kuliko hewa, unatuama chini. Na petroli nyingine imejificha ndani ya mshono huohuo anaotaka kuupasha moto, jua haliimalizi.

Litoe kwenye guta, fungua koki na geji, lioshe kwa maji ya moto na sabuni ya unga, litikise, rudia. Wanaochoma wanaligeuza ufa uwe juu, wanajaza maji mpaka karibu kabisa na ufa, mdomo unabaki wazi. Hata hivyo ni kazi ya mtu mwenye kifaa cha kupima gesi. Wewe sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, uzibe kwa gundi ya chuma ya kuchanganya, ile isiyolainishwa na petroli. Au tafuta tangi la mtumba.

Mwana Manyoni: Shemeji yangu alichoma pipa la dizeli, akasema dizeli hailipuki. Moto wa gesi uliipasha ikatoa mvuke. Mfuniko wa pipa ulitua kwenye bati la jirani. Alipona, ila nyusi hazijaota mpaka leo.

Dogo Nkuhungu: Hii chai. Huyu juzi kauliza bei ya ng'ombe mnada wa Msalato, akasema hana hata baiskeli. Tupia picha ya guta.

Zabibu Kavu: Akaunti natumia na kaka yangu. Mfugaji ni yeye.

Mama Alizeti: Kwani ng'ombe aliuza bei gani?

Mnyalu: Kaka tena! Picha kwanza.

Gereji Kizota: Iwe chai isiwe chai, kuna mwingine atasoma hapa akiwa na tangi la kweli. Zabibu, fundi anafika saa ngapi?

Zabibu Kavu: Saa mbili. Tutaanza kulitoa na kuliosha. Kuchoma tutaamua akishafika.

Gereji Kizota: Mpigie usiku huu. Aje na spana na msasa, mashine aiache kwake.