Mrejesho: mama aliyekuwa anachoka na kuhisi baridi, kumbe ni thairoidi

Wakuu, nilileta hapa suala la mama: uchovu usioisha, sauti kukwaruza, ngozi kavu, choo kigumu, na blanketi mchana huku sisi tunagombania feni. Wengi mlisema malaria au kisukari. Wawili mlisisitiza apimwe homoni ya TSH kwenye damu. Asanteni sana, hapo ndipo penyewe.

TSH ilikuwa juu, na T4, homoni inayotengenezwa na thairoidi yenyewe, chini. Daktari alieleza kwamba TSH hutoka tezi ya pituitari, chini ya ubongo, kuiamrisha thairoidi ya shingoni ifanye kazi. Thairoidi ikilegea, pituitari huzidisha amri, kama mtu anayegonga mlango usiofunguliwa.

Anameza levothairoksini, dawa ya kuziba pengo la homoni hiyo ya T4, asubuhi tumbo likiwa tupu, chai baadaye kabisa. Vidonge vya madini ya chuma tumevisogeza mbele, muda wa saa nne baada ya dawa hiyo, maana huzuia dawa kufyonzwa. Huo ushauri ulitoka hapa hapa.

Baridi imekwisha, choo kimelainika, na kwaya amerudi. Uzito ndio mgumu, umepungua kidogo mno, na uvimbe wa shingo uko vile vile. Chumvi yenye madini joto haikusaidia: tunaitumia siku zote, na vipimo vimeonyesha ni kinga yake mwenyewe inayoishambulia tezi.

Dozi imeongezwa. TSH hupimwa tena wiki 6 hadi 8 baada ya kubadilisha dozi, kabla ya hapo ni kupoteza hela. Aliyependekeza unga wa mlonge atusamehe, hatukuujaribu.