Tupeane uzoefu: ulianzaje hotuba yako mpaka watu wakatulia (au wakakupuuza)?

Wakuu habari za jumapili. Jmosi ijayo nasimama kwenye send-off ya dada angu mdogo kuongea kwa niaba ya familia, mzee alishatangulia kwahiyo zigo limeniangukia mimi. Kuongea naweza ila kuanza ndo mtihani, kila nikishika kalamu natoka na "awali ya yote napenda kumshukuru Mwenyezi Mungu" halafu naganda. Nyie mlianzaje? Leteni hata kama ulichemka.

*Baba Mapacha:*
Nilichemka vibaya mno. Harusi ya binamu Morogoro, MC kanipa dakika tano, nikaanza na itifaki, mgeni rasmi, mwenyekiti wa kamati, wazazi wa pande zote, wachungaji, majirani, nikamruka mjomba mkubwa upande wa mama, shangazi akanivuta koti kwa nyuma "mjomba ako humuoni?" ikabidi nianze upya toka juu, kuja kushtuka watu wako kwenye foleni ya msosi na DJ anapandisha mziki taratibu. Nilichotaka kusema mpaka leo ninacho moyoni. Siku hizi ni "itifaki imezingatiwa" basi, aliyenuna tukutane parking.

*Mama Kiatu:*
Mahafali ya darasa la saba, mi mwakilishi wa wazazi, msemaji wa nane kwenye ratiba. Jua la saa nane, watoto wamevaa majoho ya kukodi jasho linawatiririka, nina karatasi kurasa mbili. Nikaikunja nikasema "Mwanangu alipoanza la kwanza hapa alirudi nyumbani na kiatu kimoja, cha pili sijakiona mpaka leo." Kimya kidogo, halafu meza kuu nzima ikaangua kicheko, mwalimu mmoja akadakia "kipo stoo mama!" Hapo ndo nikasalimia.

*Mzee wa Kijiweni:*
Kwetu ukisalimia mwishoni mbele ya wazee wanasema huyu hakulelewa. Shikamoo kwanza, kiatu baadae.

*Mkenya Halisi:*
Inategemea pia nani anasalimia. Obama akiwa Kasarani 2015 alifungua na "Niaje wasee! Hawayuni!" watu wakapiga nduru. Bosi wetu akaiga kwa mkutano wa wafanyikazi, "niaje wasee", tukabaki kuangaliana tu. Hiyo ni wiki watu walikuwa wanapewa barua za kufutwa 😂

*Nipo Nipo:*
Hakikisha unaona ulichoandika. Mandela siku anatoka jela 11 Februari 1990, miaka 27 ndani, anasimama Cape Town kuhutubia kumbe miwani kaisahau gerezani, akasoma kwa miwani ya mkewe. We ukumbini utakutana na taa za bluu na pinki, ukiandika kwa herufi za sisimizi umeisha. Mi sentensi ya kwanza huwa naikariri kabisa, karatasi naishika ya mapambo tu.

*Mleta mada:*
Asanteni sana. Shikamoo za wazee, halafu naingia moja kwa moja: huyu dada nikimtuma mkate alikuwa anarudi nao umeng'atwa kona, anasema ni panya wa dukani.

*Mama Kiatu:*
Hahaa hiyo hiyo, usiongeze kitu. Ila mwambie MC akuweke kabla ya chakula.