Kanuni za ulinzi wa watoto katika chama chetu cha netiboli: tuanzie wapi?

Katibu wa Jumamosi ameuliza:

Habari zenu wanamichezo. Mimi ni katibu wa chama kidogo cha netiboli ya watoto hapa Morogoro mjini. Tuna timu sita za mitaa, wengi wao wasichana wa miaka 9 hadi 15, na tunacheza Jumamosi jioni katika uwanja wa shule ya msingi tunaoazimwa kwa sharti la kuufagia kabla ya kuondoka. Katiba yetu ya kurasa tatu, tuliyoiandika kwa ajili ya ofisa michezo, inaeleza kwa kirefu namna ya kumchagua mwenyekiti, lakini haina hata sentensi moja kuhusu usalama wa mtoto.

Kilichonisukuma kuandika ni jambo dogo. Mwezi uliopita mvua ilituchelewesha, na mechi ya mwisho ikamalizika giza likiwa limeshaingia. Nilikuwa nahesabu vesti nilipomwona binti wa miaka 12 ameketi juu ya begi lake, viatu amevifunga kamba na kuvitundika shingoni, akisubiri mtu wa kumchukua ambaye hakutokea. Kocha wake akasimamisha bodaboda wakaondoka mishikaki, mtoto akiwa katikati ya dereva na kocha. Alifika salama, na kocha huyo ni mtu ninayemheshimu ambaye simtuhumu kwa lolote. Hata hivyo mama wa mtoto aliponipigia simu usiku ule kuuliza ni nani aliyemruhusu mwanawe aondoke na mwanamume kwa pikipiki, sikuwa na jibu la kumpa kwa niaba ya chama.

Sasa kamati imeandaa rasimu ya kanuni yenye vifungu 14. Nimeisoma mara mbili, nikagundua kwamba vifungu vyote vinambana mtoto: asichelewe, asivae hereni, asimjibu mwamuzi, na akikosea akimbie mizunguko kumi. Hakuna hata kimoja kinachotubana sisi watu wazima. Naomba mwenye uzoefu anieleze ni mambo gani yasiyopaswa kukosekana, na hasa malalamiko yapelekwe kwa nani ikiwa anayelalamikiwa ni mmoja wetu katika kamati.

---

Mwamuzi wa Kipenga amejibu:

Dada Katibu, pole na majukumu. Nitasema ya uwanjani tu, kwa kuwa ndiyo ninayoyajua.

Hereni na kucha si mambo ya adabu, ni mambo ya usalama, kwa hiyo yaondoeni kwenye orodha ya makosa ya kuadhibiwa na myaweke mahali pake. Sheria za netiboli zinataka kucha ziwe fupi, nywele ndefu zifungwe na mapambo yavuliwe, na kazi ya mwamuzi ni kukagua kabla ya kupuliza kipenga. Mtoto aliyesahau kuvua hereni huambiwa avue, kisha anacheza. Hakuna haja ya mizunguko kumi. Shanga za kwenye nywele nazo ziangaliwe, maana nimewahi kuona shanga ikimpiga mtoto mwenzake jichoni wakati wote wawili wameruka.

La pili ni ukubwa wa vifaa na umri. Pete ya watu wazima iko mita 3.05 kutoka ardhini na mpira wao ni namba 5. Kumtaka mtoto wa miaka 9 afunge hapo kwa mpira huo ni kumfundisha kurusha vibaya na kumuumiza mabega. Mtafutieni mpira namba 4 na mlingoti mfupi zaidi, hata mkiuchomelea kwa fundi wa mtaani. Uingereza watoto wadogo wamewahi kuchezeshwa netiboli ya watu watano ambamo kila mtoto alizungushwa nafasi, na aliye nje alipewa kazi ya kuandika magoli au kushika saa, ili asiwepo anayeshinda benchi msimu mzima. Tena msimchanganye wa miaka 10 na wa miaka 15 kwa sababu tu timu imepungukiwa. Ombeni cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki wakati wa usajili, kwa sababu sote tunajua umri unavyochakachuliwa timu ikitaka kombe.

La mwisho ni wazazi. Mlinzi anatakiwa awe umbali wa mita 0.9 kutoka kwa mwenye mpira, lakini pembeni mzazi anapaza sauti, "Mbane! Mkalie!" Mtoto anamtii mzazi, anamgusa mwenzake, nampa adhabu ya kusimama kando ya anayerusha mpaka mpira utoke mkononi, kisha mzazi huyo huyo ananitukana kwa kumsimamisha mwanawe kama nguzo ya umeme. Andikeni kwamba mwamuzi anaweza kusimamisha mchezo mpaka mzazi wa namna hiyo aondoke uwanjani, na kwamba anayemwendea si mwamuzi bali ni kiongozi wa timu ya mzazi huyo.

---

Kocha wa Siku Nyingi amejibu:

Nimesoma na nimesikitika kidogo. Nafundisha watoto tangu netiboli ikiitwa mpira wa pete na kila mtu, bila posho na bila nauli, na sasa naambiwa kumfikisha mtoto kwao usiku ni jambo la kuandikiwa kanuni. Kocha yule angemwacha gizani mngesema hana utu. Kamchukua, mnamtazama kwa jicho la shaka. Mkiweka masharti ya kizungu mtabaki na kanuni nzuri na uwanja usio na makocha.

Kuhusu adhabu pia tuwe wakweli. Mtoto asiyeogopa chochote hafundishiki. Shuleni fimbo ipo na sheria inairuhusu, sasa iweje uwanjani iwe haramu?

---

Bibi Ustawi amejibu:

Kocha, nakuheshimu kwa miaka hiyo yote, na swali lako la nauli ni la haki, nitalirudia. Nilikuwa ofisa ustawi wa jamii kabla ya kustaafu, kwa hiyo naomba nianze na fimbo.

Si kweli kwamba shuleni kila mtu ana ruhusa ya kuchapa. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinampa mamlaka hayo mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Viboko visizidi vinne, na tukio liandikwe kwenye kitabu. Hata ukizikubali kanuni hizo, na mimi binafsi sizipendi, hazimtaji kocha wa timu ya mtaa. Mkiwa uwanjani Jumamosi hamna kibali cha mtu yeyote cha kumchapa mtoto, hata kama uwanja ni wa shule. Kumkimbiza mtoto juani kama adhabu, kumnyima maji, au kumwita "mnene" mbele ya wenzake ni katika mlango huo huo. Kosa la mchezo liadhibiwe kwa mchezo: akae nje robo moja, au aanzie benchi wiki inayofuata.

Sasa kuhusu pikipiki. Kocha, kanuni ya kutokuwa peke yako na mtoto haimtuhumu mtu. Inakulinda wewe kwanza. Siku mtoto mwingine atakapotunga au atakaposema kweli, aliyezoea kuwa mbele ya macho ya watu atakuwa na mashahidi, na aliyezoea kujitenga na watoto atajulikana mapema. Andikeni kwa lugha nyepesi: mtu mzima asiwe peke yake na mtoto asiye wake, iwe ndani ya chumba, kwenye chombo cha usafiri au kwenye ujumbe wa simu usiku. Mawasiliano yote yapite kwenye kundi la wazazi. Safari ya nje ya mtaa iwe na watu wazima wawili, mmoja wao mwanamke, na mishikaki ipigwe marufuku kabisa, kwa kuwa hiyo ni hatari hata dereva akiwa malaika. Lakini, kama Kocha alivyosema, kanuni hiyo bila fedha ni mapambo. Tengeni akiba ndogo ya bajaji ya dharura katika ada ya kila mwezi, na kila mzazi aandike kwenye fomu majina mawili ya watu wanaoruhusiwa kumchukua mtoto wake. Mechi ya mwisho nayo ianze mapema kiasi cha kumalizika jua likiwa bado lipo. Hilo halina gharama.

Nafika kwenye swali la msingi la Katibu, la malalamiko. Katika kazi yangu sikuona sana vyama vinavyoficha mambo kwa ubaya. Niliona vyama vinavyoficha kwa wema. Jambo linatokea, wazee wanaitwa, mhusika anaomba radhi, familia ya mtoto inapewa mbuzi au fedha, na kila mtu anarudi nyumbani akiamini kwamba amelinda heshima ya mtaa. Mtoto hakuulizwa. Mhusika anahamia timu ya kata jirani na kipenga chake shingoni. Kwa sababu hiyo kanuni yenu iseme waziwazi kwamba kamati haina mamlaka ya kusuluhisha tuhuma za ukatili dhidi ya mtoto, na kwamba makubaliano ya kifamilia hayafuti wajibu wa kutoa taarifa.

Wajibu huo si wa kubuni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa ni mtoto, na inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azipeleke kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Kwa vitendo maana yake ni ofisa ustawi wa jamii, na likiwa ni jambo la jinai, Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Iandikeni kwa rangi kwenye ukuta wa stoo ya vifaa, kwa herufi ambazo mtoto wa darasa la tatu anazisoma. Mtaani kwenu ulizieni pia kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto, kwa kuwa MTAKUWWA, yaani mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto ulioanza mwaka 2017/18, ulielekeza ziundwe hadi ngazi za chini.

Ndani ya chama chagueni walezi wawili wa watoto, angalau mmoja mwanamke, na wote wasiwe makocha wala ndugu wa mwenyekiti. Mlezi akiletewa jambo asimhoji mtoto kama hakimu. Amsikilize, asimwahidi kwamba atalitunza kuwa siri, aandike maneno ya mtoto kama alivyoyasema, kisha apeleke taarifa siku hiyo hiyo. Anayelalamikiwa akae kando mpaka jambo liishe, hata akiwa mwenyekiti, na kukaa kando huko kuandikwe kuwa si hukumu. Akilalamikiwa mlezi mwenyewe, barua iende moja kwa moja kwa ofisa ustawi bila kupita kwenu.

---

Mama wa Senta amejibu:

Mwanangu anacheza senta katika timu ya jirani, nami naongeza mawili ambayo huwa hamyaoni.

Uwanja wetu hauna chumba cha kubadilishia nguo. Wasichana huenda nyuma ya choo cha shule, wawili wakashika kanga pande zote mbili na wa tatu akavaa sketi katikati, huku wavulana wa mpira wa miguu wakipita kwenye njia hiyo. Mwekeni mama mmoja wa kusimama pale, na ombeni funguo za darasa moja. Kwenye sanduku la huduma ya kwanza, pamoja na bandeji, kuwe na taulo za kike, na binti asilazimike kumwomba kocha mwanamume ruhusa ya kutoka uwanjani.

La pili ni picha. Baada ya mechi kila mtu anarusha picha za mabinti wameruka, sketi zimepepea, kwenye makundi ya WhatsApp yenye watu mia mbili. Fomu ya usajili iulize kama mzazi anakubali picha, na apige mtu mmoja tu aliyeteuliwa na chama.

---

Kocha wa Siku Nyingi amejibu:

Bibi, shikamoo. Hilo la mhusika kuhamia kata jirani na kipenga chake nimelishuhudia, na nilinyamaza. Bado nasema hiyo akiba ya bajaji iandikwe kwanza kabla ya hizo nyingine, la sivyo wa kwanza kuivunja kanuni nitakuwa mimi, kwa sababu simwachi mtoto gizani.

---

Katibu wa Jumamosi amejibu:

Nawashukuru sana, na shikamooni wakubwa wangu. Tulikaa jana chini ya mwembe, watu 11 wa kamati na wazazi 9. Mizunguko kumi imefutwa, na kifungu cha kwanza sasa kinahusu watu wazima. Akiba ya bajaji imepita bila ubishi: shilingi 500 kwa kila mtoto kwa mwezi, na Kocha, jambo lako ndilo lililoandikwa kwanza. Mechi ya mwisho itaanza saa tisa na nusu.

Palipogomba ni kukaa kando kwa anayelalamikiwa. Wajumbe wawili walisema adui yeyote ataweza kumwondoa mtu kwa barua moja. Tumekubaliana kwamba atakayempokea mlalamikaji ni mlezi, si kamati, na kwamba kukaa kando kutahusu kazi za watoto tu. Mtu ataendelea kuhudhuria vikao vya fedha na vifaa. Hawakuridhika wote, lakini kifungu kimebaki.

Mlezi mwanamke tumempata, ni muuguzi wa zahanati aliyestaafu. Wa pili bado, kwa sababu kila aliyependekezwa ni kocha au ni shemeji wa mwenyekiti. Namba 116 tumeshaipaka ukutani kwa rangi ya bluu iliyobaki kwenye milingoti, na yule binti wa miaka 12 ndiye aliyeshika kopo.