Pikapu za mjini kupandishwa juu: ni kazi au mbwembwe?

Njia Panda
Wakuu, habari za jioni. Dar hii kila Hilux na D-Max unayopishana nayo imepandishwa, na nyingi hazijawahi kubeba hata mfuko mmoja wa saruji. Wakati huohuo kuna vijana wanazishusha mpaka bampa inalamba kila tuta. Kiwanda kina wahandisi, wamepima, wamejaribu, wakapanga urefu wa gari. Fundi wa chini ya mwembe anajua nini zaidi yao? Mimi naona wanaopandisha kwa sababu ya kazi ni wachache, waliobaki ni mbwembwe tu. Karibuni, ila kwa hoja. (Na mpunguze mataa, usiku mnatupofusha.)

Springi Saba
Mkuu, hao wahandisi wamempangia nani? Gari hilohilo linauzwa Australia, Thailand, Uarabuni na kwetu, kwa hiyo wamechukua katikati. Ilete hiyo katikati kwenye udongo wa mbuga mwezi wa nne, malori yamepita, mitaro ya matairi imefika magotini, halafu uniambie kiwanda kimepima. Watu wanapandisha sm 5 ili tumbo lisiburuze. Na fundi wa chini ya mwembe mheshimu, ndiye anayekufufulia gari.

Tosheni Baa
Tumbo lipi? Hapo ndipo watu wanapopigwa hela. Hilux nyuma ina ekseli nzima. Ukiweka springi zilizopinda zaidi unainua chasi na bodi. Difu, lile fundo la gia katikati ya ekseli, linabaki palepale, maana limo kwenye ekseli na ekseli imekaa juu ya matairi. Kinachoinua difu ni tairi kubwa, basi. Tairi ya 265/65R17 ina kipenyo cha mm 776 hivi, ya 285/70R17 ina mm 831. Tofauti ni mm 55, na nusu yake tu ndiyo inayoingia chini ya difu: mm 27. Unachopata kwenye mtaro wa malori ni hicho. Juu yake spidomita inaanza kudanganya, ikisoma 100 wewe uko 107.

Springi Saba
Nani kataja difu? Nimesema tumbo. Sampu ya oili ya injini, giaboksi, transfa ya 4WD, tanki la mafuta, ekzosi, vyote vinaning'inia kwenye chasi na vyote vinapanda. Bampa ya mbele nayo haichimbi tena ukishuka korongo. Halafu hizo 285 zako zinaingiaje bila kupandisha? Ukikata kona zinakula madigadi. Kwa hiyo unapandisha ili tairi iingie, tairi inainua difu. Umejijibu mwenyewe, mwalimu wa hesabu.

Tosheni Baa
Hesabu imekuuma, sawa. Sasa sema umepandisha kwa njia gani, maana ubaya uko hapo. Kwenye Hilux Vigo fundi anaweka spesa juu ya shokapu ya mbele. Spesa ya mm 25 inakupa karibu mm 50 kwenye tairi, kwa sababu shokapu imeshika katikati ya mkono unaobeba tairi na si mwisho wake. Wengi hawajui hilo, wanaweka spesa ya mm 50 wakidhani watapata 50. Gari linakwenda juu sm 10, sivijointi, zile za kupeleka nguvu kwenye tairi, zinalala kwa pembe mbaya, raba zinachanika, grisi yote inaishia kwenye rimu.

D-Max za kwanza na Nissan Hardbody hazina koili mbele, zina tosheni baa, fimbo ya chuma inayojisokota badala ya springi. Pale hununui kitu, unakaza boliti ya kurekebisha tu, ndiyo maana kila mtu ni fundi. Kukaza boliti hakuongezi nguvu ya springi hata chembe. Unachofanya ni kula nafasi ya tairi kushuka. Ukizidisha, mkono wa juu unakaa juu ya ile raba ya kuzuia muda wote, na kila shimo unasikia "ko!". Halafu mtu anasema shokapu zimekufa, ananunua mpya, mlio uko palepale.

Mama Pikapu
Mleta mada, hilo la mfuko wa saruji limenigusa pabaya. Pikapu nyingi unazoziona mjini mkia umeinuka hazijapandishwa. Zimetoka kiwandani hivyo, nyuma juu kuliko mbele, ili ukipakia tani moja ikae sawa. Wewe umeiona tupu ukadhani ni mbwembwe.

Kuna na walioongeza majani ya springi, na hao ni wa kazi kwelikweli. Ila kazi yenyewe ifanywe vizuri. Jani la kuongeza linaingia juu ya lile nene la chini kabisa la mzigo, siyo chini yake. Senta boliti ya zamani, ile inayoshika majani katikati, haitatosha, weka ndefu. Yuboliti, zile za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, zikishafunguliwa hazirudishwi, zimeshavutika. Funga mpya, na baada ya km 500 au 1000 rudi ukaze tena. Yuboliti zikilegea, majani yanacheza na jani kubwa linakatika pale kwenye tundu la senta boliti. Ukiona springi imekatika hapo usimlaumu muuza springi.

Na jani la lori lililokatwa kwa gesi likapindwa kwa moto sio springi tena. Chuma kimepoteza ugumu wake. Litalala ndani ya muda mfupi, au litakatika.

Njia Panda
Dada, nakubali kuhusu kazi. Mimi nimesema za mbwembwe. Zile mkia juu kama pikapu za miraa.

Mtu wa Maua
Hapana, ndugu. Umeingiza miraa ukijua? Pikapu ya miraa haijainuliwa kwa sababu ya kuonekana. Imeongezwa springi ili ikipakiwa huko mji wa Maua, Meru, Kenya, ikae sawa mpaka Nairobi. Miraa inapoteza nguvu kama siku mbili baada ya kuchunwa, kwa hivyo dereva anakimbia, na gari lililolala nyuma kwa mwendo ule haliwezi kushika barabara. Steringi inakuwa nyepesi kwa sababu tairi za mbele zimepunguziwa uzito. Ukiiona mkia juu, inarudi tupu. Ikiwa tupu, hapo nakubali, springi ni ngumu mno, nyuma inarukaruka kwenye lami mbovu na breki haishiki.

Tosheni Baa
Sababu ya breki kutoshika si kuruka peke yake. Hilux nyingi zisizo na ABS (breki za kuzuia tairi kufunga) zina valvu ya breki inayopima mzigo, iko kwenye chasi karibu na ekseli ya nyuma, ina fimbo iliyofungwa kwenye ekseli. Springi zikilala valvu inajua kuna mzigo, inaruhusu breki nyingi nyuma. Gari likiwa tupu limeinuka, inapunguza. Sasa wewe umepandisha nyuma sm 5 na fimbo hujaigusa. Umepakia tani moja, valvu bado inaona gari tupu, breki zote zinabebwa na mbele. Pedi zinaisha upesi na kusimama kunachukua umbali mrefu. Dawa yake ni kusogeza kile kibati cha fimbo kwa kiasi ulichopandisha. Kazi ndogo sana, na ndiyo inayosahaulika kila siku.

Chini Kabisa
Naona mnatupiga sisi wa kushusha bila kututaja. Thailand wanatengeneza pikapu hizihizi na wanazishusha, zinakimbizwa kwenye mashindano. Gari likiwa chini uzito uko chini, kona linakata, halipinduki ovyo. Walioko juu ndio wa kuogopwa. Na angalau sisi taa zetu hazipofushi mtu.

Tosheni Baa
Kijana, valvu ileile inakuhusu. Umeshusha nyuma, yenyewe inaona umepakia, inamwaga breki zote nyuma, gari tupu linaserereka matako mbele kwenye mvua. Na umeshusha vipi? Kama umetoa majani, umetoa uwezo wa kubeba. Kama umehamisha ekseli kutoka chini ya springi kwenda juu yake, ekseli inagonga chasi mpaka uikate chasi kwa umbo la C na kuichomelea bati la kuimarisha. Wangapi wanaweka hilo bati?

Chini Kabisa
Mimi nimeongelea kona, wewe unaleta kuchomelea. Sawa, mzee.

Kioo cha Mbele
Sijali mnapandisha kwa kazi au kwa harusi. Mleta mada alisema neno moja la maana, lile la kwenye mabano, na hakuna aliyeligusa mpaka huyu kijana. Taa!

Chukua Vigo ya dabo kebini, ekseli hadi ekseli ni m 3.085. Umepandisha mbele tu sm 5 ili ilingane na nyuma, jambo linalofanywa sana. Pua imeinuka kwa asilimia 1.6. Taa ndogo inatakiwa ishuke sm 10 kila m 10, yaani asilimia 1. Sasa haishuki tena, inapanda. Ikifika m 50 mwanga uko sm 30 juu ya taa yenyewe, na mwenye Toyota IST macho yake yako hapohapo. Hiyo ni taa ndogo, bado hujawasha kubwa.

Springi Saba
Taa zangu hakuna aliyewahi kuzilalamikia.

Kioo cha Mbele
Atakulalamikia saa ngapi, mnapishana kila mmoja na 80 yake?

Mama Pikapu
Hata bila kupandisha. Pakia mzigo nyuma kupita kiasi, pua inaangalia mbinguni. Zenye kile kigurudumu cha taa pale kwenye dashibodi, 0 ni gari tupu, namba kubwa ni mzigo. Watu wanaweka kinyume, wanadhani namba kubwa ni mwanga mwingi.

Kioo cha Mbele
Asante dada. Na balbu. Kopo la taa ya H4 limechongwa kwa ajili ya waya mdogo uliokaa mahali maalumu ndani ya balbu, na ule wa taa ndogo una kikombe cha chuma chini yake kinachokata mwanga usipande. LED ya bei nafuu chipu zake hazikai pale waya ulipokuwa, mwanga unatawanyika kila upande. Dereva anaona kweupe mita kumi mbele akafurahi, kumbe mbali haoni na mwenzake haoni kabisa.

Chini Kabisa
LED yangu iko sawa, inategemea unavyoizungusha kwenye soketi. Chipu zitazame kulia na kushoto, siyo juu na chini.

Kioo cha Mbele
Hapo umesema kweli kidogo. Kuzungusha kunasaidia, hakumalizi.

Springi Saba
Tumetoka kwenye springi tumefika kwenye balbu. Njia Panda, hii ndiyo mada uliyoitaka?

Njia Panda
Mimi nimeshajibiwa. Mpaka Marekani wamepiga marufuku hizi za kupandisha, nchi nzima.

Tosheni Baa
Acha kukuza. Si nchi nzima, na si kupandisha kote. North Carolina mwaka 2021 walizuia ile ya pua juu mkia chini: madigadi ya mbele isizidi ya nyuma kwa inchi 4 au zaidi, kama sm 10. Virginia wakafuata 2022, South Carolina 2023. Ni mtindo ulioigwa kwenye magari ya mbio za jangwani, kule pua juu ina maana kwa sababu gari linaruka na kutua. Barabarani dereva haoni mtoto aliye mbele ya boneti.

Kioo cha Mbele
Na taa zake zinamulika ndege. Nimemaliza.

Mtu wa Maua
Ya mtu kujiweka juu ni sawa, lakini hapa kwetu shida ni uzito. Mizani ni ya magari ya kuanzia tani 3.5, pikapu haiingii. Kwa hivyo mtu anaongeza majani matatu na kupakia tani mbili kwa sababu hakuna wa kumpima. Springi imeongezwa, lakini ekseli, beringi, breki na chasi ni zilezile. Chasi inapinda nyuma tu ya kebini, hasa dabo kebini, maana bodi yake inaning'inia sana nyuma ya ekseli.

Springi Saba
Hapo sina ubishi. Lakini hilo ni la mzigo, si la kupandisha.

Mama Pikapu
Springi Saba, wewe ndiye uliyesema kupandisha ni kazi.

Springi Saba
Kazi ya njia, mama. Siyo kazi ya kuua gari.

Kolombwe
Samahani wakuu, mgeni kidogo. D-Max ya tosheni baa, imenunuliwa ikiwa imekazwa tayari. Mbele inagonga kila shimo, tairi zinaliwa upande wa ndani, steringi hairudi yenyewe baada ya kona. Nianze na taa au na nini?

Tosheni Baa
Taa mwisho kabisa. Pima kwanza kutoka katikati ya rimu mpaka ukingo wa madigadi, kushoto na kulia, uandike. Piga jeki kwenye chasi tairi zining'inie, pulizia mafuta boliti za tosheni baa, zina kutu na zikikatika utalia. Legeza pande zote mbili kwa mizunguko sawa, miwili au mitatu, shusha gari, lisukume mbele na nyuma mita kadhaa likae, pima tena. Usipime papo hapo baada ya kutoa jeki, litakudanganya. Ukiona mkono wa juu umeachana na ile raba, umefika. Upande mmoja ukiwa chini, kaza huo kidogokidogo. Kagua boljointi na raba za sivijointi ukiwa chini hukohuko. Ndipo uende alaimenti, na mwambie aangalie na kasta (mlalo wa mhimili ambao tairi hugeukia), asiishie kwenye kunyoosha tairi. Steringi isiyorudi mara nyingi ni kasta iliyopungua kwa kupandisha.

Kioo cha Mbele
Ukitoka hapo tafuta ukuta na sakafu iliyonyooka, simama m 10, upepo wa tairi sawa, mafuta nusu tanki, mtu mmoja kwenye kiti cha dereva. Pima urefu wa katikati ya taa kutoka chini, weka alama ukutani sm 10 chini ya hapo, uzungushe skrubu mpaka mstari wa mwanga ushuke kwenye alama. Na ukiweka mzigo, kumbuka kile kigurudumu.

Kolombwe
Hii haina kigurudumu.

Kioo cha Mbele
Basi pakia kidogo.