Hevi metali: ladha ya mtu, au tatizo la kushughulikiwa?

Mleta mada

Wadau, salaam. Naomba hili tulijadili bila matusi.

Kijana wa dada yangu yuko kidato cha tano, shule ya bweni. Mlezi wa bweni alipokagua masanduku akakuta fulana nyeusi yenye fuvu na simu iliyojaa nyimbo za hevi metali, ule muziki wa magitaa mazito na sauti za kunguruma. Simu ni kosa, sheria za shule zinajulikana, hapo sina ubishi. Lakini barua iliyokuja nyumbani simu imeitaja kwa mstari mmoja tu. Iliyobaki yote ni kwamba kijana "anasikiliza muziki wa kishetani", na mzazi athibitishe kuwa amefanyiwa maombi ndipo arudi darasani. Dada kachanganyikiwa. Shemeji anataka fulana ichomwe moto.

Swali: shule au mzazi ana haki ya kumzuia mtoto asipende aina fulani ya muziki? Na kama anayo, anapima kwa kipimo gani?

Mimi si shabiki wa hevi metali. Mimi ni mtu wa Sikinde, bendi ya dansi, nitakufa na Sikinde. Ila kabla sijasema lolote nilimwita kijana nikamwambia aniwekee wimbo mmoja na anieleze anasikia nini humo. Akaniwekea wimbo wa mwaka 1970 wa Black Sabbath, bendi ya Uingereza, akasema mwimbaji nimwache kwanza, nisikilize gitaa. Kisha akachukua gitaa analojifunzia kanisani (ndiyo, kanisani) akanionyesha mbinu ambayo bendi za miaka ya 1980 ziliishikilia sana. Ubavu wa kiganja cha kulia unalalia nyuzi pale zinapofungiwa, mkono unapiga kwenda chini tu, chini, chini, na sauti inatoka fupi na nzito kama mtu anayegonga mlango kwa ngumi. Akiinua kiganja, sauti ile ile inafunguka chumba kizima. Anasema utamu wote uko katika kubana na kuachia. Nilimwelewa. Sikupenda, lakini nilimwelewa.

Akanisimulia pia habari za Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath. Alikuwa kibarua wa kiwanda cha mabati huko Birmingham. Akiwa na miaka 17 mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Na kwa kuwa ni mtu wa shoto, vidole hivyo ndivyo vya kukandamizia nyuzi. Akayeyusha chupa ya plastiki akajitengenezea vikofia vya kuvisha vidole, akatafuta nyuzi nyembamba, na baadaye akawa analegeza nyuzi zishuke sauti ili zisimtese. Huo uzito ambao barua inauita wa kishetani, sehemu yake imetokana na ajali kazini.

Karibuni.

Mzee wa Upanga

Kelele tupu. Nimemaliza.

Mama wa kwaya, Moshi

Mleta mada umeongea vizuri ila umechagua ya kusema. Norway mwaka 1992 kanisa la mbao la Fantoft, kanisa la karne nyingi, liliteketezwa kwa moto, na mengine yakafuata. Vijana wa muziki huo huo. Mmoja wao, Varg Vikernes, alihukumiwa mwaka 1994 kifungo cha miaka 21 kwa kumuua mwanamuziki mwenzake na kwa kuchoma makanisa. Hayo si maneno ya mlokole wa mtaani, ni hukumu ya mahakama.

Sasa wewe unaniletea habari za kiganja na nyuzi. Mimi ni mzazi. Mwanangu akivaa fuvu kifuani sitaki kusubiri nione mwisho wake. Barua ya shule inawezekana imeandikwa kwa hasira, lakini aliyeiandika alikuwa analinda mtoto wa mtu.

Kijana wa Rongai

Mama, shikamoo. Kwanza nikiri kwamba mtu wa Rongai hana haki ya kulalamikia kelele za mtu yeyote. Matatu zetu zinajulikana.

Norway umesema kweli. Lakini wale walikuwa kikundi kidogo cha watu wanaojuana, ndani ya tawi moja la muziki wenye matawi mengi. Ukihesabu hivyo, basi kila mhalifu tumuulize alikuwa anasikiliza nini. Hapa kwetu kuna majambazi wanaopenda gospeli, na hakuna aliyefunga kwaya.

Halafu kuna wale watasema ni mambo ya wazungu. Duma ni bendi ya muziki huu ya watu wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu. Albamu yao ya mwaka 2020 imetolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, si London. Khanja sasa anajiita Lord Spikeheart na mwaka 2024 ametoa albamu ya The Adept. Ukitaka zaidi nenda Botswana ukaone washabiki wa hevi metali wamevaa ngozi nyeusi kuanzia kofia hadi buti, na jua la Kalahari liko palepale juu yao. Bendi ya Overthrust ya huko Ghanzi ilipanda jukwaa la tamasha la hevi metali la Wacken, Ujerumani, mwaka 2016. Hao wote ni wazungu?

Mpenzi wa taarabu, Tanga

Mimi shetani simtaji, wala sina habari na fulana. Nauliza maneno yako wapi?

Sisi watu wa pwani tumelelewa na mashairi. Wimbo wa taarabu ukipigwa ukumbini kila mtu anajua kuna aliyelengwa. Mama anainuka na noti yake anakwenda kutunza, anatembea taratiibu, anapita makusudi mbele ya meza fulani, na aliyekaa pale ujumbe umemfika. Huo ndio muziki: neno limefungwa, wewe unalifungua. Hii ya kunguruma nimejitahidi kuisikiliza wimbo mzima, sikushika hata silabi. Fumbo nitalitegua vipi na sijalisikia? Msinieleze habari za ufundi. Fundi hata seremala anao.

Fundi spika, Lubumbashi

Ndugu wa Tanga, jambo moja tu. Lingala unaisikia?

Maana huko kwenu miaka hamsini na zaidi mnacheza nyimbo za Kinshasa, harusini, kwenye baa, kwenye mabasi, na wengi wenu hamjui anaimba nini. Kuna nyimbo za misiba mnazichezea kwa furaha kabisa. Sisi tunawaona, tunanyamaza.

Na hata sisi tunaosikia Lingala, tunangoja nini kwenye wimbo? Sebene. Maneno yamekwisha, mwimbaji kasogea pembeni, gitaa la solo linashika kifungu kifupi linakizungusha, linakizungusha, mpaka jasho. Atalaku, yule wa kuchangamsha watu jukwaani, anapiga ukelele ambao ukiuandika kwenye karatasi hauna maana yoyote. Hapo ndipo watu wanainuka. Mimi nafunga spika kwenye matamasha, nimefanya kazi na bendi za kila namna. Watu wa hevi metali nao wana kifungu cha gitaa wanachokingoja hivyo hivyo, kikija wanatikisa vichwa pamoja kana kwamba wamepewa amri. Tofauti ni kwamba sisi tunatikisa kiuno.

Na hiyo rumba yenyewe ilitufikia kwa santuri za Kuba, zile zenye nembo ya GV za miaka ya 1930. Leo nani anathubutu kusema rumba si yetu?

Mpenzi wa taarabu, Tanga

Hapo kwenye Lingala umenibana. Lakini sebene inanichezesha, hii inanitisha. Sauti ya binadamu niliyoizoea inabembeleza au inalia. Hii inabweka.

Mwalimu wa malezi

Nimefanya kazi ya ushauri shuleni miaka mingi, niingie hapa kwa upande wa aliyeandika barua, ingawa barua yenyewe nisingeitia saini.

Hofu hii ina historia. Mwaka 1985 huko Marekani, jimbo la Nevada, vijana wawili walijipiga risasi, mmoja akafa palepale, wa pili akafariki miaka mitatu baadaye. Familia zikaishtaki bendi ya Judas Priest kwamba ndani ya wimbo kulikuwa na amri iliyofichwa. Kesi ilisikilizwa Reno mwaka 1990 na bendi ikashinda. Watu wa muziki hushangilia sana hukumu hiyo. Mimi nikiisoma nawaona wale vijana wawili. Kijana mwenye uchungu mara nyingi hutafuta muziki unaofanana na uchungu wake. Muziki haukuuleta uchungu, lakini unaweza kuwa alama. Mwalimu makini akiona alama anauliza kuna nini nyumbani. Kosa la barua hii ni kwamba imeona alama ikaanza kuipiga viboko.

Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, wa mwaka 2015. Waliwachukua wapenzi 39 wa muziki huu mzito, wakawachokoza kwa maswali mpaka wakakasirika, kisha nusu wakasikiliza nyimbo zao na nusu wakakaa kimya. Waliosikiliza hawakuzidi hasira, walitulia kama waliokaa kimya, na wakasema wamepata nguvu. Msiutumie kupita kiasi lakini: watu 39, na wote walikuwa washabiki tayari. Mtu kama mzee wa Upanga ukimfungia chumbani na muziki huo sidhani kama atatoka ametulia.

Mzee wa Upanga

Nitavunja mlango.

Mleta mada

Mwalimu, nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, ila nirudi kwenye swali la kipimo, maana naona tunalizunguka.

Kama kipimo ni maneno, basi tupime wote. Mwaka 2018 BASATA, baraza la sanaa la Tanzania, ilifungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond kwa sababu ya maneno yake, na watoto wa shule ya msingi mtaani kwangu walikuwa wanao mdomoni mwanzo mwisho. Hakuna aliyewapeleka kwenye maombi. Na Black Sabbath hao hao wana wimbo wa mwaka 1971, "After Forever", unaomtetea Mungu waziwazi mbele ya wanaomcheka. Mlezi wa bweni aliusikia? Hakusikia chochote, aliona fuvu.

Kama kipimo ni mavazi, hatari yake tumeiona. Morocco mwaka 2003 vijana 14, wanamuziki na washabiki, walifikishwa mahakamani Casablanca kwa madai ya kutikisa imani ya Waislamu. Miongoni mwa vielelezo kulikuwa na fulana nyeusi zenye mafuvu. Walihukumiwa vifungo, watu wakaandamana, na rufaa ikawaachia wengi wao. Mama wa kwaya, ulichotaja Norway ni moto na mauaji, na wahusika walishtakiwa kwa moto na mauaji. Hiyo ndiyo haki. Hapa kijana ameshtakiwa kwa kupenda.

Na kama kipimo ni kelele, kelele ina sheria zake na hazichagui. Ukikesha na mkesha wa injili au na singeli, jirani halali vilevile.

Mama wa kwaya, Moshi

Sijasema ashtakiwe. Nimesema asimamiwe. Mzazi anachagua chakula cha mtoto, anachagua shule, halafu kwenye masikio ndiyo aambiwe haimhusu? Akifika umri wake atachagua. Kuhusu "Mwanza", kwangu hata huo ulizimwa, kwa hiyo mimi sina undumilakuwili unaousema.

Ila kuchoma fulana, hapana. Shemeji yako akiichoma leo, kesho ataanza kufichwa mengi kuliko fulana.

Kijana wa Rongai

Mama umeongea. Kidato cha tano lakini si mtoto mdogo, hapo tutofautiane kwa amani.

Mpenzi wa taarabu, Tanga

Basi na mimi nidai haki yangu, maana naona wapenda gitaa mmegeuka mawakili. Ladha ikiwa huru, iwe huru pande zote mbili. Kijana asiombewe kwa kupenda, sawa. Na mimi nikiomba kituo kibadilishwe kwenye basi nisiitwe mshamba, wala nisiletewe utafiti wa Australia. Nimesikiliza, nimeelezwa habari za vidole vya yule fundi wa Birmingham, nimemheshimu. Bado sipendi.

Kijana wa Rongai

Hujasikiliza bendi sahihi.

Mpenzi wa taarabu, Tanga

Hilo ndilo neno la kila mshabiki. Hata mimi nitakwambia hujakaa kwenye ukumbi sahihi. Njoo Tanga, uje na noti za kutunza.