"Mzee, mama tumletee soda gani?" Nimedharauliwa mangweni leo na sinyamazi

Binti Mgema (mwanzisha uzi), Jumamosi, saa 2:40 usiku

Wanajukwaa, nawasalimu. Nimeingia nyumbani sasa hivi, viatu sijavua na injini ya gari bado ina moto. Naandika kabla sijaoga wala kula, kwa sababu hasira hii nikilala nayo itachacha, na asubuhi nitaamka nayo ikiwa siki.

Yule bwana mnamjua. Jina lake sitalitaja wala mangwe yake, yaani kilabu chake cha tembo la mnazi, sitaitaja, lakini kila aliyewahi kupita barabara ya Kilifi kwenda Malindi akiwa na kiu amekalia mabenchi yake. Ni yule anayewapokea wageni mlangoni kwa sauti ya mtangazaji wa mpira, ambaye picha za vibuyu vyake zimejaa katika simu za watu wa Nairobi, na ambaye amesifiwa mpaka amesahau kwamba tembo hutoka juu ya mti na si kinywani mwake. Leo alasiri, mbele ya watu wasiopungua ishirini, bwana huyo alinitazama kuanzia kilemba hadi kandambili, akageuza uso, akamwuliza mume wangu: "Mzee, mama tumletee soda gani?"

Hakuniuliza mimi, na hapo ndipo kidonda kilipo. Alimwuliza mume wangu habari ya kinywa changu, kana kwamba mimi ni mtoto aliyebebwa mgongoni au mzigo ulioshushwa pamoja na mikoba. Nilihisi minazi yote kuanzia Vanga hadi Kiunga imeinama kwa aibu.

Safari yenyewe ilikuwa yangu. Mume wangu ni mtu wa Bungoma, amekulia penye busaa ya mahindi na wimbi, na Desemba iliyopita alinipeleka kwao nikakaa na wazee wamezunguka chungu, wakanikabidhi mrija wangu bila mtu yeyote kuuliza mimi ni nani hata ninywe. Nikamwahidi kwamba zamu yangu ikifika nitampitisha Pwani, mangwe baada ya mangwe, ajue kwetu tunakunywa nini na kwa nini. Leo ndiyo ilikuwa siku hiyo. Tuliondoka Mombasa alfajiri, tukakunjia Mazeras kuelekea Rabai, na saa 3 asubuhi tulikuwa chini ya mwembe wa bibi mmoja ambaye kabla ya kutumiminia alidondosha matone machache chini kwa ajili ya waliotangulia, kisha akanipa mimi kibuyu kwanza kwa sababu nilimwamkia kwa lugha ya nyumbani.

Hapo nilimwonyesha mume wangu kila kitu. Nilimwonyesha vidato vilivyochongwa shinani ambavyo mgema hukanyaga, karara, yaani ala ya maua ya mnazi, ambalo halijapasuka likiwa limefungwa kamba lisifunguke, na namna kotama, kisu cha mgema, inavyokata ncha yake wembamba wa karatasi, asubuhi na jioni, ili utomvu uendelee kudondoka kibuyuni. Nilimweleza kwamba utomvu huo ukidondoka tu ni mtamu, nao ndio mbochi ambao hata mtoto hunywa, na kwamba hakuna anayeutia hamira, kwa sababu chachu iko hewani na katika mashapo ya kibuyu chenyewe, hivyo kufikia adhuhuri umekwisha kuwa kileo na kesho yake unaelekea kuwa siki. Nilimweleza pia jambo ambalo wanywaji wengi hawalifikirii: karara lililogemwa halizai nazi, kwa hiyo kila kibuyu kinachoteremshwa ni kichala cha nazi ambacho mwenye shamba amekubali kukikosa. Baba yangu, Mungu amrehemu, aligema maisha yake yote, nami nilikuwa nikimpokea vibuyu chini ya mti kabla sijaanza shule. Ninajua tembo kama mwalimu anavyojua mwandiko wa wanafunzi wake.

Kaloleni tulikuta tembo kali la kibuyu kikongwe, likamtoa mume wangu machozi. Tukateremka hadi Mavueni, tukavuka daraja la Kilifi, tukala samaki. Mpaka hapo siku ilikuwa njema kabisa.

Ndipo tukafika kwake. Nimekaa, nimenyoosha mkono kupokea mrija, na mtu anasema, "Mzee, mama tumletee soda gani?" Soda yenyewe ikaja. Ilikuwa ya machungwa na ilikuwa moto kiasi ambacho ungetia majani ya chai na kumkaribisha jirani. Na juu yake, wanajukwaa, walikuwa wametumbukiza mrija wa plastiki wenye mistari myekundu. Mimi, niliyekata matete ya mirija na kuifunga nyuzi za kuchujia kwa vidole hivi, nikapewa mrija wa plastiki.

Nilichukua kibuyu cha mume wangu nikaonja. Lilikuwa tembo la jana, limelala, limetiwa maji, kisha limefichwa kwa sukari ya dukani. Sukari haifichi kitu kwa anayejua, maana utamu wake huelea juu ya ulimi na ukali hubaki chini peke yake, ilhali katika tembo la asubuhi utamu na ukali vimezaliwa pamoja na huwezi kuvitenga. Nikamwambia kwa adabu, "Ndugu yangu, hili limelala na lina sukari." Hakunijibu. Akamgeukia mume wangu tena, akacheka, akasema, "Mzee, mama jua limempiga, tumwongezee soda?"

Mara ya pili! Watu wakacheka mpaka benchi likatikisika. Nilisimama, nikaimwaga soda ile mchangani, nikaondoka, na mpaka Mtwapa sikusema neno. Nauliza kwa dhati: ni nani aliyempa mtu yule haki ya kumwuza binti wa mgema tembo la jana kupitia mumewe?

---

Kibuyu Kizee, saa 2:52 usiku

Pole sana dada. Mangwe hiyo naijua na mwenyewe namjua. Mama yangu mzazi, ambaye ameuza mnazi kwa miaka mingi kuliko umri wa bwana huyo, alifika pale akaulizwa kama angependa maji ya chupa. Mnazi huuzwa na akina mama tangu tulipopata akili, kadzama ya tembo haikosekani katika mahari zetu, halafu leo mwanamke akikalia benchi anaonekana amepotea njia. Amelewa sifa bwana yule, wala si tembo.

Mpita Njia, saa 2:58 usiku

Binti Mgema, nimesoma uzi wako wote kwa makini na nimeelewa kwamba umeamka alfajiri, umezunguka Rabai, Kaloleni na Kilifi, umevuka daraja, umepita msitu, na mwisho wa safari umefanikiwa kupata soda ya moto. Kwa mtu anayejua tembo kama mwalimu anavyojua mwandiko, ulishindwaje kunusa sukari kutoka barabarani?

Mwana wa Takaungu, saa 3:04 usiku

Mimi nina swali moja tu, na naomba mwanzisha uzi alijibu bila kuzunguka. Soda hiyo ilikuja ya machungwa. Ni nani aliyesema iwe ya machungwa?

Binti Mgema, saa 3:11 usiku

Mume wangu aliulizwa ghafla na hakupata muda wa kufikiri. Hilo tutalizungumza wenyewe hapa nyumbani. Naomba tubaki kwenye jambo lenyewe, nalo ni yule bwana kunipita mimi niliyekaa mbele yake na kuuliza, "Mzee, mama tumletee soda gani?"

Mwana wa Takaungu, saa 3:12 usiku

Kwa hiyo alijibu.

Binti Mgema, saa 3:15 usiku

Alijibu, "Ya machungwa."

Kibuyu Kizee, saa 3:16 usiku

Dada, naomba kuondoa pole yangu kwa muda. Kesi hii ina washtakiwa wawili.

Mama Chanzera, saa 3:19 usiku

Mwenye mangwe ni mgeni kwako, hajui baba yako aligema wapi. Mwanamume uliyelala naye nyumba moja, ambaye asubuhi hiyo hiyo ulimfundisha karara na kotama, ndiye aliyekuchagulia rangi ya soda. Wangu angethubutu, angerudi Bungoma kwa miguu akiwa na chupa hiyo kichwani.

Mpita Njia, saa 3:21 usiku

Na tembo lenye sukari alilisifu au alinyamaza?

Binti Mgema, saa 3:27 usiku

Alisema si baya. Lakini yeye ni mgeni wa mnazi na hawezi kulaumiwa kwa ulimi ambao haujafundishwa. Ninyi mnanigeuzia maneno. Aliyetukana ni yule, na aliyetukanwa ni mimi.

Dereva Mstaafu, saa 3:33 usiku

Samahani kwa kuingilia. Mangwe tatu na barabara ile ya Malindi yenye malori: usukani ulikuwa mikononi mwa nani?

Binti Mgema, saa 3:36 usiku

Mpwa wangu, ambaye hanywi. Yeye pia aliletewa soda, ilikuwa baridi, na aliulizwa mwenyewe anataka ipi.

Mwana wa Takaungu, saa 3:38 usiku

Hapo sasa umenigusa. Mpwa aliulizwa! Hapo hata mimi ningemwaga.

Mgema wa Zamani, saa 3:45 usiku

Mnazungumzia soda, lakini hakuna aliyeuliza kwa nini mtu mwenye jina kubwa auze tembo la jana. Sababu ni madumu ya plastiki. Siku hizi wachuuzi hukusanya tembo kutoka kwa wagema kumi tofauti, wanalimimina katika dumu moja ambalo jana lilikuwa na mafuta ya kupikia, wanalifunga juu ya pikipiki na kulipitisha juani hadi barabara kuu. La Jibana limechanganywa na la Kaloleni, la asubuhi limechanganywa na la jioni, kisha linamiminwa kwenye kibuyu mteja apige picha. Nimepanda minazi mpaka magoti yakakataa, na kinachoniuma ni kuona kazi ya mtu aliyening'inia juu kwa miguu miwili ikiishia kunuka mafuta ya vibanzi.

Mama Chanzera, saa 3:49 usiku

Mzee wangu, shikamoo. Madumu ni janga. Mimi mwaka huu niliagiza tembo la kumpokea mgeni wa mahari, likaja katika dumu la bluu lenye alama ya sabuni, wakwe wakanywa povu wakidhani ni la mnazi.

Mteja wa Mchana, saa 3:57 usiku

Kinachoua mnazi ni saa, wala si dumu. Sheria ya mwaka 2010 ya kudhibiti vileo iliziwekea baa saa 11 jioni kuwa saa ya kufungua siku za kazi, na saa 8 mchana mwishoni mwa wiki. Saa hizo zinaifaa bia ya chupa, ambayo inaweza kusubiri rafuni mwezi mzima bila kubadilika, lakini tembo lililoteremshwa alfajiri, kufikia saa 11 jioni linakuvua meno. Mwuzaji afanye nini? Ama auze kwa kificho asubuhi na kukimbizana na askari, ama alilaze na kutia sukari. Na nimeona mwanzisha uzi ametuandikia hadharani kwamba saa 3 asubuhi alikuwa Rabai na kibuyu mkononi.

Binti Mgema, saa 4:02 usiku

Nilikuwa kwa bibi, chini ya mwembe wake. Na hata kama saa ndizo zinazomlazimu bwana yule kutia sukari, hakuna sheria inayomlazimu kumwuliza mume wangu soda yangu.

Mdigo wa Tanga, saa 4:08 usiku

Ndugu zetu wa upande wa pili wa mpaka mnateseka bure. Vukeni Horohoro mje Mkinga, huku tembo linanyweka chini ya mnazi wake, na mwanamke akitaka huonja wa kwanza.

Mgema wa Zamani, saa 4:12 usiku

Nimeionja ya Mkinga. Mnagema minazi michanga mno, ndiyo maana tembo lenu ni jepesi kama maji ya dafu.

Mdigo wa Tanga, saa 4:15 usiku

Mzee, kwa heshima zote, wepesi ndio usafi. Ninyi mmezoea mashapo ya kibuyu ambacho hakijawahi kuoshwa tangu babu awe kijana.

Mgema wa Zamani, saa 4:17 usiku

Kibuyu kikioshwa kwa sabuni, chachu inakufa. Kaa kimya kwa jambo usilolijua.

Bi Upishi, saa 4:26 usiku

Mkimaliza kugombana naomba msaada. Mimi nalitumia tembo kuumulia mkate wa kumimina na vitumbua kama alivyonifundisha nyanya yangu wa Mji wa Kale, na kwa miezi mitatu sasa kila ninalonunua haliumui, mkate unatoka bapa kama chapati. Nimeelewa leo kwamba ni maji na sukari. Ni nani aliye karibu na Mombasa anayeweza kuniletea lita mbili za tembo la asubuhi, kwenye kibuyu na si kwenye dumu?

Mdigo wa Tanga, saa 4:29 usiku

La Mkinga linaumua mpaka sufuria inasogea.

Mama Chanzera, saa 4:31 usiku

Bi Upishi, njoo faragha. Nina shangazi Ribe anayeteremsha saa 12 kila siku, ila vitumbua viwili ni vyangu.

Binti Mgema, saa 4:40 usiku

Mume wangu amesoma uzi wote. Ameniomba radhi, na amekwenda dukani kwa miguu kunitafutia kitu baridi. Hakuniuliza kipi.