Simu imeingizwa beta msimu umepamba moto, narudije nyuma bila kupoteza picha za ghalani?

Karani_Ghalani
Wakuu habari za saa hizi, na ndugu zangu wote wa Mtwara kuchele. Naombeni msaada maana hapa nilipo kichwa kinagonga.

Mimi ni karani kwenye chama cha msingi huku, korosho zinaingia kila siku na kazi yangu ni kupima, kuandika kilo na kupiga picha karatasi ya kila mkulima kabla mzigo haujapanda fuso kwenda ghala kuu. Picha zote ziko kwenye simu yangu mwenyewe, chama hakijawahi kununua kamera wala nini. Sasa wiki mbili nyuma mtoto wa dada yangu alikuja kusalimia kabla chuo hakijafunguliwa, akashika simu akasema mjomba uko nyuma sana, kuna toleo jipya la mfumo wa simu watu wanalijaribu mapema, akabonyeza bonyeza akaniingiza kwenye mpango wa beta. Na mi jamani nilijua beta ndo bora zaidi, neno lenyewe limekaa kama bora. Likashuka usiku kucha, asubuhi bando la wiki limekwisha na ndo kwanza ilikuwa Jumanne.

Tangu hapo ni shida juu ya shida. Kamera inafunguka afu inakuwa nyeusi, mpaka nizime simu niwashe, na mkulima kasimama hapo na jua lile ananiangalia. Chaji natoka nayo nyumbani mia, adhuhuri simu imelala. Laini ya pili inapotea inarudi yenyewe ikijisikia. Kubwa zaidi apu ya benki inakataa kufunguka, inasema kifaa hakikubaliki, wakati malipo ya mnada yanaingia benki na nina watu thelathini wananipigia karani vipi hela imesoma?

Nimepita kwa fundi mmoja karibu na soko anataka elfu 20 afleshi, yaani aingize mfumo upya. Nimpe? Au kuna njia ya kurudi toleo la zamani nikiwa na picha zangu? Kampuni ya simu sitaji msije mkaanza ligi.

Kiswaswadu_Milele
Pole mkuu lakini umenichekesha hapo kwenye bora. Mimi apdeti nilizima siku ile ile nimetoa simu kwenye boksi, mwaka wa nne huu inapiga kazi. Kila ukiona simu imekuwa nzito ujue mwenyewe alibonyeza kitu. Na wenye kampuni wanajua wanachofanya, simu ya zamani ikiwa nzito we utafanyaje si utanunua mpya. Sio mambo ya kijiweni haya, Desemba 2017 Apple walikiri wenyewe kwamba walikuwa wanapunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka, na hicho kitu kilikuja na apdeti.

Fundi_Mkanaledi
Karani kwanza usitoe hiyo elfu 20. Kufleshi mtaani kwa faili ambalo hujui limetoka wapi ni kangomba tu, ile ya walanguzi wa korosho, unauza mali yako kwa kibaba halafu unashukuru. Nakueleza taratibu, soma mpaka mwisho ndo uguse simu.

Beta ni korosho ambayo haijaanikwa. Wameitoa ili watu wengi waijaribu kwenye simu tofauti tofauti waseme wapi inavuja, na kwenye ile kurasa ya kujiunga imeandikwa kabisa usiweke kwenye simu ya kazi, ila dogo hakukusomea hiyo. Apu za benki nyingi zinakagua kama mfumo wa simu umethibitishwa, toleo la majaribio mara nyingine linakuwa halijapita huo ukaguzi ndo maana inakufungia mlango. Benki haijakosea na hela yako iko salama.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kubaki humo humo usubiri toleo rasmi litoke, likitoka unalipokea, kisha unajitoa kwenye mpango kabla beta nyingine haijaingia. Hapo kwa kawaida hakifutwi kitu. Ya pili ni kurudi nyuma sasa hivi, na hiyo INAFUTA SIMU YOTE. Sio simu yako tu, hata Google kwenye Pixel zao wamesema wazi, ukitoka beta katikati simu inasafishwa. Na kwa iPhone ndo usiseme, bakapu uliyoifanya ukiwa kwenye beta haikubali kurudishwa kwenye iOS (mfumo wa iPhone) ya nyuma yake. Kwa hiyo anayekwambia atakurudisha bila kufuta chochote mwambie asante kaka, chukua simu yako uondoke.

Mwingine atakwambia simu za sasa zina pande mbili ndani, apdeti inakaa upande wa pili na ule wa zamani upo. Ni kweli, ilianza na Android 7 mwaka 2016, lakini ule upande wa pili ni wa kukuokoa pale simu inapokataa kuwaka baada ya apdeti. Ikishawaka vizuri na kukubali toleo jipya, huo sio mlango wako wa kurudia. Tena simu nyingi zina kizuizi, ukilazimisha toleo la zamani inagoma kuwaka kabisa, na hapo ndo fundi wa elfu 20 anakwambia bodi imeungua.

Sasa kabla ya kuriseti, yaani kufuta simu ianze upya.

Picha hamisha kwa flashi ya OTG (ile inayochomekwa kwenye simu) au waya kwenda kompyuta, usitegemee kupandisha mtandaoni kwa bando la elfu moja. Ukishahamisha FUNGUA hizo picha kwenye kompyuta, usiangalie tu kwamba folda ipo.

WhatsApp inajihifadhi yenyewe ndani ya simu kila siku saa nane usiku. Ingia Android, media, com.whatsapp, WhatsApp, Databases, nakili hiyo folda yote nje. Ukishaweka WhatsApp upya kwa namba ile ile, rudisha folda mahali pake KABLA hujaifungua.

Imeili ya Google iliyomo kwenye simu unaijua? Na paswedi yake? Hapa ndo wengi wanakufia. Tangu Android 5.1 mwaka 2015 simu ikirisetiwa kwa vitufe inauliza akaunti iliyokuwemo, kama alikufungulia muuza duka siku unanunua basi umeisha. Hakikisha kwanza.

Na memori kadi. Ingia kwenye setingi za stoo uangalie imewekwaje. Kama iliunganishwa ikawa sehemu ya simu, basi imefungwa kwa ufunguo unaokaa ndani ya simu yenyewe. Ukiriseti ufunguo unaondoka, kadi unabaki nayo mkononi lakini haisomeki popote, hata kwa nani.

Bi_Mikindani
Kaka karani pole sana. Wakati unasubiri hayo ya fundi, salio la benki na la simu angalia kwa menyu ya kubonyeza. Ile *150*00# ya M-Pesa na wenzake haijali simu yako iko toleo gani, inafanya kazi mpaka kwenye kitochi, na benki nyingi nazo zina namba yao, waulize tawini. Mimi mwaka jana iliniganda apu wiki nzima na sikuwa kwenye beta yoyote, ni apdeti ya kawaida tu niliyoambiwa ni salama, nikawa nalipa ada ya mtoto kwa kubonyeza namba kama zamani.

Maana msimwonee huyo dogo peke yake. Toleo rasmi nalo linaharibu. Septemba 2014 Apple walitoa iOS 8.0.1 wakaiondoa baada ya kama saa moja, iPhone 6 za watu zilipoteza mtandao na alama ya kidole ikagoma. Na hiyo haikuwa beta, ilitolewa kwa kila mtu. Siku hizi nikiona kile kidoti chekundu cha apdeti nasubiri wiki mbili, nasikiliza kwanza wenzangu wanalia au wanacheka.

Kiswaswadu_Milele
Dada umeona sasa, tuko pamoja. Zimeni hizo kitu.

Fundi_Mkanaledi
Hamko pamoja, yeye kasema anasubiri wiki mbili, we umezima miaka minne. 2015 ilijulikana kuna tundu kwenye Android, waliliita Stagefright, mtu aliweza kuingia kwenye simu kwa kutumia meseji ya video tu, nyingine hata huifungui. Baada ya pale ndo Google wakaanza kutoa viraka vya usalama kila mwezi. We viraka vya miaka minne huna na humo humo una pesa. Nisikutishe lakini usijisifu nayo.

Kiswaswadu_Milele
Mkuu pesa zenyewe ziko wapi, akiingia humo mwizi atanionea huruma aniachie vocha 😂

Mzee_Nachingwea
Habari zenu vijana. Mimi yangu haijaletewa kitu tangu mwaka juzi, nikibonyeza inasema uko sawa kabisa. Ndio nzima au ndio imetelekezwa?

Bi_Mikindani
Shikamoo mzee wangu. Ingia setingi, kuhusu simu, toleo la Android, utaona tarehe ya kiraka cha usalama. Hiyo tarehe haidanganyi hata kama juu wameandika uko sawa.

Mzee_Nachingwea
Marahaba mwanangu. Imetelekezwa.

Karani_Ghalani
Wakuu nimerudi. Fundi Mungu akuweke. Nimeenda kuangalia memori kadi, ILIKUWA IMEUNGANISHWA NA SIMU, na picha zote tangu mnada wa kwanza zimekaa humo. Yaani mpango wangu ulikuwa nichomoe kadi niweke mfukoni niriseti kwa amani kabisa. Nimekaa chini kwanza.

Sasa nashindwa kuamua, nisubiri toleo rasmi au nirudi. Dogo anasema mjomba vumilia linatoka karibuni, nikimuuliza karibuni lini ananitumia kikaragosi.

Fundi_Mkanaledi
Mzigo mkubwa kwenu unaisha lini?

Karani_Ghalani
Bado wiki tano sita hivi, mvua zikiwa na huruma.

Fundi_Mkanaledi
Basi rudi, wiki sita na kamera nyeusi huziwezi. Fanya siku ambayo hampokei mzigo, umeme uwepo na betri iwe imejaa. Chukua toleo la nyuma kwenye ukurasa wa kampuni yenyewe, sio kwenye grupu la Telegram, na jina la modeli lifanane herufi kwa herufi na lililo nyuma ya simu yako. Shusha usiku kwa bando la usiku, ni la GB kadhaa. Na ukiona simu imepata moto na inakula chaji siku ya kwanza usirudi humu kulia, huwa inapanga upya apu zote ndani, mpe siku mbili.

Halafu ukimaliza ondoa akaunti yako kwenye mpango wa beta. Usipojitoa itakuletea tena.

Karani_Ghalani
Sawa, Jumapili basi. Picha za kwenye kadi nitazihamisha kwa waya kwenda kompyuta ya katibu, nimeshamwomba, kasema nije na soda.

Karani_Ghalani
Mrejesho wakuu, nimefanya jana. Ilichukua kuanzia saa tatu asubuhi mpaka alasiri kwa sababu umeme ulikatika mara moja nikiwa bado nanakili picha, nashukuru sikuwa nimefika kwenye kuriseti ningekuwa marehemu. Picha zote zimevuka, nimezifungua moja moja kama mlivyosema (sio zote, nimechoka, ila nyingi). Apu ya benki imefunguka bila neno. Kamera inapiga. Laini ya pili imetulia tangu jana haijatoroka.

Ila kuna kitu kimoja. Majina ya simu. Yale ya ndugu yamerudi yenyewe lakini wakulima wote niliowaandika msimu huu hawapo, kama arobaini hivi. Kumbe nilikuwa nawahifadhi kwenye simu na sio kwenye akaunti.

Fundi_Mkanaledi
Daah. Hilo nilisahau kukwambia kaka, kosa langu. Niliwaza picha na WhatsApp tu.

Bi_Mikindani
Kwani WhatsApp si umeirudisha? Ingia kwenye chati zako, namba zipo hata kama majina hayapo. Bonyeza namba utaona jina alilojiandika mwenyewe lina kimstari cha mawimbi mbele yake. Ambao hawana WhatsApp chukua namba zao kwenye daftari la chama, si mnaandika?

Karani_Ghalani
Daftari lipo dada, asante. Nimeanza na za WhatsApp tangu asubuhi, nimefika ya kumi na tatu. Hapa nina ~Baba Asha, ~Baba Asha na ~BabaAsha, na wote watatu wananidai karatasi.